Harufu ya Siki Katika Tangi la Tatu

Kazini walimwita Bwana Pua, na jina lenyewe alilipenda kupita kiasi. Miaka kumi na tisa alikuwa katika kiwanda cha maziwa, akiinamisha uso juu ya mapipa ya mtindi na kusema huu tayari, huu bado, huu mkaumwage. Hakukosea. Ndiyo maana Daktari, mtaalamu wa vijidudu, alipofungua kituo chake nyuma ya kiwanda cha saruji, alimchukua yeye kuwa mtunza matangi, akawaacha vijana wenye vyeti wakiimezea mate kazi hiyo.

Kazi ya kituo kile ukiieleza haraka utaonekana umechanganyikiwa. Moshi wa kiwanda cha saruji unavutwa kwa bomba, unachujwa, na ile kaboni dioksidi iliyomo inaingizwa kwenye matangi pamoja na haidrojeni. Humo wanaishi bakteria ambao Daktari, mwanamke mdogo wa umbo lakini mkali wa macho, aliwabadilisha vinasaba kwa miaka sita mpaka wakajua kula hewa hiyo na kutoa spiriti. Spiriti ikisafishwa inakuwa mafuta ya gari. Bwana Pua aliwaita bakteria hao wapangaji wake. "Wanakula moshi, wanakojoa petroli," aliwaambia wageni, na wageni walicheka kila mara.

Sheria kubwa ilikuwa moja. Kabla ya kufungua valvu ya kuchotea sampuli, uuchome mdomo wake kwa moto huku ukihesabu mpaka thelathini. Usipochoma, vijidudu vya mitaani vinajipenyeza, na vipo ambavyo spiriti kwao ni karamu: vinainywa na kuigeuza siki. Sheria hiyo Bwana Pua mwenyewe ndiye aliyeibandika ukutani, kwa herufi kubwa.

Sasa sikiliza alichokifanya. Jumatatu, saa nne asubuhi, walikuja wageni wa wizara, wamevaa makoti meupe ya kuazima. Mkubwa wao alikuwa akitazama saa. Akasema, "Mzee, hayo mafuta yako tuyaone basi, tunaondoka." Kiwashio cha gesi cha kuchomea valvu kikakataa kuwaka. Bwana Pua akabonyeza mara ya kwanza, mara ya pili, wageni wakaanza kugeuka kuelekea mlangoni. Kichwa kilikuwa kimeshamvimba, jamani, hakuweza kukubali watu waondoke bila kumpigia makofi. Akafungua valvu ya tangi la tatu hivihivi, akajaza chupa, akaiinua juu. Wakapiga makofi. Mfanyakazi aliyekuwa karibu ni mmoja tu, mwosha chupa, amebeba trei yake, na alikuwa amegeukia upande mwingine. Au ndivyo Bwana Pua alivyojiambia.

Mwosha chupa huyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe. Bwana Pua ndiye aliyemwombea kazi.

Jumatano asubuhi alipoinamia bomba la kutolea hewa la tangi la tatu, kitu kikamchoma puani. Siki. Nyembamba, ya mbali, lakini siki. Daktari akapita na kikombe chake cha chai, akauliza kama alivyouliza kila siku, "Mzee, leo linanukiaje?"

"Salama, Daktari."

Alilitamka lile neno bila hata kupepesa macho. Hakuwa mwongo, ndiyo ajabu yake. Alitaka siku moja tu, labda wapangaji wake wangewashinda wale wavamizi. We! Vijidudu havina huruma na mzee.

Kufikia Ijumaa spiriti ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya nusu, na kwenye hadubini walionekana wageni wasioalikwa wanaogelea kwa raha zao. Daktari akawaita wote ofisini. Uchafu umeingia na chupa, alisema, hakuna njia nyingine, maana valvu anazishika mzee na mzee hakosei. Akamgeukia mwosha chupa. "Ulizipitisha kwenye mvuke?"

"Nilizipitisha zote," akajibu yule dada. "Kwa muda wake kamili."

"Basi uchafu umetoka wapi?"

Shemeji hakumtazama Daktari. Alimtazama Bwana Pua, kwa utulivu, muda mrefu kuliko kawaida. Bwana Pua akatazama viatu vyake. Akasikia Daktari akimwambia yule dada akusanye vitu vyake, asirudi Jumatatu, na bado akatazama viatu. Mtu mzima, baba wa watoto watatu!

Nyumbani mkewe alikuwa ameshapata habari na macho yamemvimba. "Wewe si ndiye uliyemwingiza? Kamwombee kwa Daktari. Wewe anakusikiliza."

"Nitaongea naye," akasema, na chakula kikamshinda.

Jumamosi alasiri akaenda kwa shemeji. Alimkuta uani anaanika nguo. Alikuwa amejiandalia maneno ya pole, tena marefu, lakini yule dada hakumpa nafasi.

"Nilikuona, shemeji. Ulifungua bila moto."

Bwana Pua akashika kamba ya nguo. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, nani angeniamini? Na ningeaminiwa, dada yangu angekula nini?" Akabana shati kwa vibanio viwili. "Halafu nilijua utasema mwenyewe. Pale ofisini nilikusubiri."

Hakupaza sauti. Angemtukana ingekuwa nafuu. Bwana Pua alirudi kwa miguu njia nzima, akiona aibu hata kwa mbwa waliolala barazani, na usiku ule na uliofuata alijua kwamba Jumatatu haikwepeki.

Jumatatu akapiga moyo konde, akaingia ofisini kabla Daktari hajashusha mkoba begani. Akasema yote: kiwashio, wageni, makofi. Daktari alisikiliza amesimama.

"Na harufu uliisikia lini?"

"Jumatano asubuhi."

Daktari akakaa taratibu. "Jumatano mchana nilichota mbegu, bakteria wa kuanzishia, kutoka tangi hilohilo nikaipanda kwenye tangi kubwa. Kosa la Jumatatu ningelisafisha kwa siku mbili, mzee. Sasa yameharibika matangi mawili, na mtu asiye na hatia nimemfukuza mbele ya wenzake." Hakukasirika, au alikasirika kupita mahali pa kelele. Akachukua simu, akampigia mwosha chupa, akamwomba radhi na kumsihi arudi kesho. Kisha, bila kumtazama Bwana Pua, akamwambia avue ufunguo wa matangi shingoni. Akauvua. Siku nzima alifagia ua, na wenzake wakapita kando yake kama wanaopita kando ya mgonjwa.

Jioni alirudi akijiambia kwamba angalau mambo yamekwisha. Mlangoni mkewe alimpokea kwa mikono miwili. Siku nyingi hakuwa amempokea hivyo.

"Mdogo wangu amenipigia simu," alisema, machozi yanamlengalenga. "Anarudi kazini! Ameniambia umempigania, baba watoto. Umesimama mbele ya Daktari ukamwambia kama yeye anaondoka na wewe unaondoka. Ameniambia nisisahau kukushukuru."

Akamvuta mpaka mezani. Watoto walikuwa wameshakaa, wamejipanga, na yule mkubwa akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata. Mkewe akawaunga mkono huku anacheka na kujifuta macho.

Bwana Pua akasimama katikati ya makofi yale. Alikuwa na pumzi moja tu ya kuchagua, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumsubiri. Angenyamaza, ingebaki hivyo mpaka anakufa.

"Acheni," akasema. "Acheni kupiga makofi. Kaeni niwaambie nilichokifanya, na jinsi mama yenu mdogo alivyonisitiri."