Wimbo wa Kuwajibu Wageni

Harufu ya ulimbo anaoupaka binti yangu kwenye upinde wa fidla hunirudisha katika ukumbi wa parokia, Mbinga, kiangazi kile wanunuzi binafsi walipoanza kuifuata kahawa majumbani. Wageni wanne walikuja kutupigia fidla. Mama, kiongozi wa kwaya yetu, aliketi kando yangu amevaa kitenge kipya.

Kwetu, kwaya ya wageni ikimaliza, wenyeji hujibu kwa wimbo. Basi wageni waliponyamaza, mama alisimama akaanzisha, na wanakwaya wote wakampokea.

"Mama, keti," paroko alinong'ona kwa sauti iliyofika hadi nyuma. "Hawajamaliza. Hiyo ni sehemu ya kwanza tu."

"Wote wameshusha pinde, Baba Paroko. Tuwaache bila jibu, kama hatuna kwaya?"

Ukumbi ulicheka. Mzee mwenye fidla kubwa hakucheka. Aliitafuta sauti ya mama kwenye nyuzi zake, akaipata, kisha akamwashiria kwa kichwa aendelee.

Mama alinitazama kwanza. Nilikuwa nimekwisha kusogea mbali naye, hadi mwisho wa benchi.

Akaketi.