Kiboko Mwenye Kofia Nyekundu

Fundi anapaka chokaa sebuleni kwangu, na harufu yake mbichi inanirudisha kwenye ukuta wa bibi, karibu na ziwa.

Mikutano ilikuwa marufuku, na mwanangwa, mkubwa wa kijiji, aliwanyang'anya watu ng'ombe. Bibi akachora ukutani kiboko aliyevaa kofia nyekundu, mkia wa ng'ombe ukining'inia mdomoni. Kofia kama ile kijijini ilikuwa moja tu.

Tarishi wake akaja.

"Shikamoo, bibi. Mwanangwa anasema picha yake ifutwe."

"Marahaba. Picha yake? Mimi nimechora kiboko."

Majirani walikuwa wamejaa uani. Tarishi akawatazama, akaomba maji. Nilipompa kata, mabega yalimtikisika kwa kicheko.

Wiki iliyofuata mwanangwa alipita kwetu kichwa wazi, kwenye jua la saa saba.