Ini la Shangazi

Kila Ijumaa asubuhi nilikuwa nikishuka kwenye machinjio ya Butembo kununua ini la ng'ombe, zima, lisiloguswa na kisu, mishipa yake mikubwa ikiwa bado inaning'inia. Mchinjaji alinizoea upesi. Aliniwekea langu pembeni ndani ya ndoo yenye mfuniko, na siku moja akashindwa kujizuia.

"Docteur, unisamehe. Kule hospitali ni nani anakulaka maini mingi hivi?"

"Hapana kukula, papa. Tunajifunza kukata."

"Kukata maini?" Akawageukia wenzake. "Basi mukuye tu hapa, sisi tunakata kila siku!"

Wakacheka, nami nikacheka nao, kwa sababu sikujua nianzie wapi kumweleza kwamba shida yetu haikuwa kukata. Shida yetu ilikuwa damu. Ini la mtu aliye hai limejaa damu kama sifongo iliyotoka kwenye maji, na ukilikata kama nyama ya sokoni, mgonjwa anakufa mezani mbele ya macho yako.

Mpasuaji wetu, mtu wa Luofu, alikuwa amerudi baada ya miaka ya masomo nje, na alirudi na swali moja. Mahospitali makubwa yana mashine zinazokata ini na kuziba mishipa papo hapo. Sisi hatuna. Je, katika mji kama wetu inawezekana kuondoa sehemu ya ini yenye uvimbe, na mgonjwa akarudi nyumbani kwa miguu yake? Hakutaka kubahatisha juu ya mwili wa mtu. Ndiyo maana alitukusanya kila Ijumaa kwenye chumba cha zamani cha kufulia mashuka: mimi, daktari mwenye miaka michache tu kazini, pamoja na muuguzi wa vyombo na yule wa kulaza wagonjwa usingizi.

Alining'iniza kopo la maji yaliyochanganywa na nyanya ya mkebe, akapitisha mpira hadi kwenye mshipa mkubwa wa ini, na ini likaanza kujaa kama lina uhai.

"Musikate," alisema. "Mufinye."

Tulifinya kidogo kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada. Nyama ya ini ilimeguka kama kiazi kitamu kilichoiva sana, na kile kilichokataa kumeguka kilikuwa mishipa. Ilibaki imenyooka kama nyuzi, na kila uzi tuliufunga kwanza ndipo tukaukata. Ijumaa ya kwanza tulilowa hadi viwiko. Mama wa jikoni alipita, akaona ini zuri limeharibiwa na nyanya isiyopikwa, akaondoka akitikisa kichwa. Mimi nilirudi nyumbani nikinuka, na jioni yote sikuweza kuwaza kitu kingine.

Tulikuwa tumeshazoea kazi ile ya vidole wakati shangazi yangu aliposhuka kutoka Kipese.

Ni dada wa baba yangu. Analima viazi na maharage kule juu, na miaka yangu ya sekondari niliishi kwake. Alikuja na gunia la viazi kama kawaida yake, lakini nilipomwekea chakula alikisukuma pembeni.

"Hapa kunanibana," akasema, akionyesha chini ya mfupa wa kifua. "Nikikula kidogo tu, nashiba."

Kesho yake nilimlaza kwenye chumba cha ekografi, mashine ya kutazamia ndani ya mwili, nikampaka mafuta yale ya baridi na kuanza kutazama. Naipenda mashine ile. Hata leo nikiiwasha najisikia kama mtu anayechungulia nyumba ya jirani kupitia pazia. Lakini upande wa kushoto wa ini lake niliona kitu cha mviringo, chenye ukingo wake, kisichofanana na nyama inayokizunguka. Nikarudi mara nyingine. Bado kilikuwapo.

"Juu ya nini unanyamaza, mama?" Ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Nimeona kitu, shangazi. Iko ndani ya maini."

"Kitu gani?"

"Sijue bado."

"Basi angalia mpaka ujue," akasema, akageuza kichwa ili naye atazame kioo cha mashine.

Vipimo vya damu vilionyesha virusi vya hepatiti B, vile vinavyoweza kukaa kimya ndani ya ini miaka mingi bila mtu kuhisi lolote. Picha za skana zilionyesha uvimbe mmoja tu, karibu na ukingo, na ini lililobaki halikuwa limekakamaa. Mpasuaji alizitazama picha hizo dirishani kwa muda mrefu.

"Iko mahali pazuri," akaniambia. "Lakini ni shangazi yako. Ndani ya bloc hautashika kisu."

Sikubishana. Nilijua kwamba ndani ya chumba kile cha upasuaji ningemwona shangazi tu, nisimwone mgonjwa.

Binti wa shangazi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Bungulu, kule Beni, alipiga simu akilia na kutoa amri kwa pamoja. "Hapana kumukata hapo! Batu banaendaka India, banabadilishiwa maini mazima!" Mpasuaji akaomba simu iwekwe sauti ya juu ili shangazi naye asikie. Alieleza kwamba ndiyo, huko mtu aliye hai anaweza kumpa ndugu yake sehemu ya ini, lakini aliyepokea hunywa dawa maisha yake yote ili mwili usilikatae. Kwa mama huyu, ini lililobaki lina nguvu bado. Kuondoa kipande kibaya kunatosha.

Shangazi alikuwa amesogea mbele kwenye kiti.

"Ngoja kwanza. Ule mwenye kutoa, anatoa nusu, na anabaki mutu muzima?"

"Ndiyo, mama. Yenye ilibaki inakomea tena, inakuwa kubwa."

"Donc ni kama kiazi? Unakata, unapanda, inaota?"

"Hapana vile. Penye tulikata hapaoti. Ile yenye ilibaki njo inanenepa polepole, mpaka inatosha mwili."

"Na inajua je kama imetosha?"

Mpasuaji alitabasamu. "Hiyo, mama, kuna mambo tunajua, lakini jibu yenyewe yote, bangali banatafuta."

"Ah," shangazi akasema, akaegemea kiti. Nilimwona ametulia kuliko wakati wowote tangu afike. Baadaye aliniambia kwamba mtu anayejua yote angemtia woga.

Ijumaa iliyofuata aliomba kuona kazi yetu kwa macho yake. Sikutaka. Nilifikiri ataona ini la ng'ombe mezani na damu yetu ya nyanya, kisha apande pikipiki ya kwanza ya kurudi Kipese. Mpasuaji akasema mwili ni wake, aje. Alikuja amevaa kitenge chake cha misa. Akasimama kando ya meza akatazama, halafu akaomba glavu. Aliingiza vidole mahali tulipokuwa tumefinya.

"Ni laini sana," akasema kwa sauti ya chini. Akagusa mshipa mmoja, akauvuta kidogo. "Na hii?"

"Hiyo njo inaletaka damu," nikamjibu. "Tunafunga kwanza."

Aliendelea kupapasa, na hakuna aliyemharakisha. Kisha akavua glavu. "Sawa. Sasa nimeona fasi mutapitisha mikono. Munikate."

Tulihitaji damu ya akiba, na watoto wake wote walikuwa Beni. Siku waliyotakiwa kufika, barabara ilifungwa kwa sababu ya mapigano, na upasuaji ukaahirishwa. Shangazi alishinda kitandani akisali rozari, na kila gari lililoingia uani lilimfanya ainuke. Walifika hatimaye na msafara uliosindikizwa na askari, nyuso zao zimekuwa nyekundu kwa vumbi, wakaenda moja kwa moja kutoa damu.

Damu ya wanawe wawili wa kiume ilikuwa safi. Ya binti ilikataliwa. Alikuwa na virusi vilevile, labda tangu siku aliyozaliwa. Mimi ndiye niliyemwambia, kwenye ukumbi, na yeye aliyekuwa amepigania India kwa nguvu zote aliniuliza kwa sauti ndogo, "Na mimi pia niko na kile kitu?"

"Sijue. Tutaangalia. Lakini leo ni siku ya mama yako."

Siku ile ya upasuaji nilipewa kazi moja ndani ya bloc: kutazama saa. Mpasuaji alizungushia mpira kwenye mishipa inayoingiza damu kwenye ini na kuubana, na ini haliwezi kukaa muda mrefu bila damu, kwa hiyo mimi niliita wakati wa kuulegeza. Niliona vidole vyake vikifinya, nyuzi zikitokea moja baada ya nyingine, na muuguzi akitoa uzi wa kufungia kabla hajaombwa. Mara moja damu ilipanda ghafla kutoka chini, nyeusi, ikafunika kila kitu. Mpasuaji aliweka kidole chake juu yake na kukiacha pale. Nilisahau saa. "Wakati?" akauliza bila kuinua macho, na swali lile lilinirudisha kazini. Alifunga mshipa ule chini ya kidole chake mwenyewe. Baadaye kidogo kipande kilikuwa ndani ya sahani ya chuma, kikubwa kama ngumi, kigumu, chenye rangi ya manjano ndani.

Shangazi alipopata nguvu za kuzungumza, alitaka kukiona. Tulikuwa tumeshakituma Kampala kwenye maabara, basi nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaitazama sana. "Kumbe ni wewe," akakiambia.

Jibu lilirudi: kansa, lakini kingo za kipande zilikuwa safi; haikufika mahali tulipokata. Nililia chooni, nikanawa uso, nikaenda kumwambia.

Si wote waliopata bahati hiyo. Mwalimu mmoja aliyetumwa kwetu kutoka Kasai alikuja baadaye akiwa na uvimbe uliosambaa ini zima. Hatukuwa na cha kukata, na mpasuaji alimweleza hivyo akiwa amekaa kitandani kwake. Tangu hapo nimeacha kusubiri watu walalamike. Mgonjwa yeyote ninayemkuta na virusi, naomba aniletee ndugu zake niwapime.

Mwezi uliopita shangazi alishuka kwa ajili ya ekografi, na safari hii binti yake alikuwa pamoja naye. Binti anakunywa kidonge kila siku na hana uvimbe wowote. Upande wa kulia wa ini la shangazi umenenepa na kusogea hadi katikati, ukachukua nafasi iliyoachwa wazi. Haufanani na ini lililo kwenye vitabu vyangu. Umekaa kama mtu aliyelala peke yake kwenye kitanda cha watu wawili.

"Imesimama kukomea?" akauliza.

"Imesimama. Ni sawa na mara ya mwisho."

"Na bado hamujajua ni nani aliiambia isimame?"

"Bado, shangazi."

Akafuta mafuta tumboni, akashuka kitandani, na kumwambia binti yake alale. Kisha akavuta kiti karibu na kioo, akavaa miwani. "Anza polepole," akaniambia. "Leo unielezee kila kitu penye unapita."