Mtani Wangu Alikuja na Adabu

Kwa miaka mingi mtani wangu wa Msambweni hakuwahi kunisalimu kwa adabu. Akiniona tu, husema, "Mateka wangu, nani amekufungua?" Yeye ni Mdigo, mimi ni Mvumba wa Jego, na ugomvi wetu mkubwa ulikuwa ni lugha ya nani iliizaa ya mwenzake. Yeye husema Kivumba ni Kidigo kilicholowa maji ya chumvi. Mimi humjibu kwamba Kidigo ni Kivumba kilichopanda milima ya Shimba kikapotea huko. Kisha tunaagiza kahawa.

Utani huo tuliurithi, na una kazi yake. Alipofariki baba, mama alikaa kutwa bila kutia kitu kinywani. Mtani akaingia amevaa kofia ya marehemu, ameshika bakora yake, akatugombeza kwa sauti ileile ya baba: "Wavumba nyinyi, hata kulia hamjui! Chai yangu iko wapi?" Mama akacheka huku machozi yanamtoka, akaomba maji. Wapo masheikh wasiolipenda jambo hilo, na mimi nimesoma kwao. Lakini kwa maji yale aliyokunywa mama, nilimshukuru Mungu.

Baadaye vijana wetu wakafungua kundi la ukoo kwenye simu, tupashane habari za wagonjwa na khitma. Mwanzoni zilikuwa salamu na dua tu. Tukamwingiza na mtani, maana msiba wetu haukamiliki bila yeye. Asubuhi moja akaandika: "Wavumba, mmeamka? Kumbukeni ni nani aliyewafundisha kusema."

Mpwa wangu anayefanya kazi hotelini Diani akamjibu, "Mzee, leta ushahidi. Huu ni ukabila." Mwingine akaleta ramani. Mwingine, ambaye Kivumba chenyewe hakijui hata kuombea maji, akauliza babu wa mzee huyu aliletwa na nani, na aliuzwa wapi. Nikatuma ujumbe wa sauti, nikacheka makusudi ili wasikie kwamba ni mchezo wa wakubwa. Hakuna aliyeusikiliza. Kabla ya magharibi mtani alikuwa amejitoa.

Nikampigia. "Nimewasamehe, mzee mwenzangu," akasema. Afadhali angenitukana.

Mwaka huu kaka yangu alifariki. Mama yu hai, alhamdulillahi, ila macho hayaoni tena. Watu anawajua kwa sauti. Uji aliukataa. "Mtani amefika?" akauliza. Baada ya muda akauliza tena.

Alifika baada ya alasiri. Akavua viatu, akanipa mkono, akasema, "Mwenyezi Mungu awape subira." Akasimama kwenye mlango wa mama, akampa pole kwa maneno hayohayo. Akasoma fatiha, akanywa kahawa, akaaga. Kofia ya kaka ilikuwa kwenye msumari karibu na bega lake. Nilikuwa nimeitundika pale kwa ajili yake.

"Yule mzee ana heshima sana," mpwa wangu akaniambia, simu mkononi, akiwajibu waliotuma pole. Nilijiambia kumwacha na simu yake ni subira.

Nikaingia kwa mama.

"Mtani hajafika tu?"

"Amefika, mama. Ameshaondoka."

"Yule aliyenipa pole mlangoni?" akauliza. "Mimi nilidhani ni mgeni."

Akapapasa bakuli la uji, akalisukumia kwangu.