Machujio Mawili Mtoni Ruvubu

Siku yangu ya kwanza ya kujifunza ufundi wa boti kivukoni Ruvubu, wilayani Ngara, nilivaa ovaroli mpya iliyopigwa pasi. Mimi mzaliwa wa Nyakahura, kwetu ni mashamba na ng'ombe. Boti sikuwahi hata kuigusa. Nilimkuta Fundi Mkuu ameinama nyuma ya boti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Maji yanatoka?"

Nikauliza maji gani. Akanionyesha bomba la moshi, nikaona maji yakitemwa pamoja na moshi. "Haya yakikata, binti, usije kuniuliza. Zima injini."

Niwaeleze vijana. Injini ile haikuwa na rejeta kama ya gari. Ilipozwa na maji ghafi, yaani maji ya mto wenyewe: yanavutwa kupitia tundu chini ya boti, yanapita kwenye chujio, pampu inayazungusha kwenye injini, kisha yanatemwa nje. Chujio lenyewe ni kikapu cha bati chenye matundu, kimekaa ndani ya kopo. Likiziba, pampu inazunguka kavu na injini inachemka. Na Ruvubu, jamani! Mchanga, tope, mizizi ya mafunjo. Tulizimika katikati ya mto mara kwa mara, abiria wakipiga mayowe, mkondo ukitubeba.

Mwishowe Mkuu wa Usafiri wa wilaya akachoka na malalamiko. "Nitakuja siku ya gulio," akasema. "Ikizimika nikiwa ndani, boti inahamishwa." Ng'ambo hakukuwa na zahanati. Wajawazito wote wa kule walivuka kwa boti ile ile moja.

Fundi Mkuu hakulalamika. Alifunga chujio la pili kando ya la kwanza, akaweka koki ya kubadilishia: moja likifanya kazi, jingine unalifungua na kulisafisha bila kuzima injini. Alitoboa matundu ya kikapu kipya kwa mkono wake. Yakiwa makubwa yanapitisha mchanga, yakiwa madogo yanaziba upesi. Akatupa kikapu, akaanza upya, akatupa tena. Nilimpenda mtu yule kwa subira yake, maana mimi hasira zangu ziko karibu mpaka leo.

Tukajaribu. Asubuhi safi kabisa. Mchana yote mawili yakaziba! Nikatukana. Yeye akamimina uchafu kiganjani, akanusa.

"Mavi ya ng'ombe," akasema.

Juu kidogo ya gati, mkondo unakotoka, ndipo Mzee Masanja, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, alipokuwa akinyweshea mifugo yake. Nilikwenda nimejiandaa kwa ugomvi. Fundi Mkuu akamsalimu kwa heshima, wakaulizana habari za nyumbani, ndipo akamwonyesha kikapu na kumweleza kwamba boti ikizimika tena itahamishwa. Mzee Masanja alicheka mpaka akaegemea fimbo.

"Kumbe injini yenu inakunywa makombo ya ng'ombe wangu!" Kisha akatazama ng'ambo. "Mke wa mwanangu anaishi kule, naye anajifungua mwezi huu. Boti ikiondoka atavukaje?"

Kesho yake akahamishia ng'ombe chini ya gati, mkondo unakokwenda, kwenye njia ndefu na mteremko mbaya, wala hakudai kitu.

Siku ya gulio Mkuu wa Usafiri akapanda. Katikati ya mto maji ya bomba la moshi yakaanza kupungua. Nikageuza koki, nikafungua chujio lililoziba, nikakung'uta mizizi, nikafunga. Mkuu wa Usafiri alikuwa anapiga soga na abiria. Tulipofika ng'ambo akauliza, "Ndiyo hii boti mnayoisema mbovu?" Fundi Mkuu akakohoa tu.

Boti ikabaki. Wiki ile ile mke wa mwana wa Mzee Masanja alivuka, akarudi na mtoto kifuani.

Sasa nimestaafu. Kila boti niliyopewa baada ya pale niliifungia machujio mawili, na kila kijana niliyemfundisha nilimwanzishia kwenye bomba la moshi. Majuzi nilikwenda Runazi kumwona Fundi Mkuu. Macho yamekwisha, hata wanawe anawachanganya majina. Binti yake alinionya mlangoni kwamba hatanitambua. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Akageuza uso upande wangu. "Maji yanatoka?"

"Yanatoka, Mzee wangu. Tangu uniachie, hayajakata."