Keria ya Mitumbwi Miwili

Bendera ilikuwa bado mpya, na karibu kila ofisi ya Kakamega ilikuwa na bosi mpya. Mimi nilikuwa seremala karibu na soko, nikiwatengenezea hao mabosi viti. Habari ilinikuta nikipiga randa: kaka yangu mkubwa amebebwa na mto Nzoia akivusha ng'ombe. Ng'ombe walitoka. Yeye hakutoka.

Nilimaliza kupiga randa ule ubao. Watu wananisema mpaka leo, na ni kweli. Sikusikia kitu. Kifua kilikuwa kama nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Nyumbani kwetu, upande wa Butali, wanaume walikuwa wametafuta kandokando ya maji kwa miti mirefu mpaka wakachoka. Kwetu, mtu akipotea mtoni asipatikane, hukatwa mgomba, ukafungwa shuka, ukazikwa mahali pake, ili yeye atulie na waliobaki waendelee. Baba mkubwa, msemaji wa ukoo, akasema kama hali ni hii, Jumamosi tutazika mgomba. Mama alikuwa ameketi chini kati ya wanawake. Akainua uso.

"Mgomba niliupanda, sikuuzaa. Nileteeni mtoto wangu."

 Baba mkubwa alitazama fimbo yake.

Aliyekumbuka mitumbwi ni mjomba, ndugu yake mama, aliyekuwa na pikapu ya kubebea mahindi ya Lugari. Mzungu aliyewahi kumwajiri mjini alirudi kwao ghafla, akaacha stoo mitumbwi miwili ya kuchezea majini, ile wanayoiita kayaki: myembamba, fito ndani na turubai nje, na tundu la mtu mmoja kuketi. Tulirudi mjini kuichukua, na shida ilikuwa kuifikisha mtoni. Kila mmoja ulikuwa mrefu karibu mara mbili ya sehemu ya kubebea mizigo.

"Tuifunge tu na kamba twende," mjomba alisema.

"Itapasuka kabla hatujatoka mjini. Inataka keria ya kuilaza juu," nikamwambia.

Nikachukua mbao za mkaratusi zilizokuwa za kabati la mtu. Nikasimamisha nguzo nne kwenye pembe za pikapu, nikazikaza kwa bolti, nikalaza boriti juu, moja nyuma na moja mbele, juu kuliko paa la dereva. Kwenye kila boriti nikachonga mabonde mawili, mitumbwi ilale bila kuyumba. Nikakata tyubu kuukuu ya tairi, nikaizungushia mabondeni ili turubai lisichubuke.

"Ala!" mjomba akafoka. "Hiki ni kitanda cha harusi? Mpaka msasa?"

Kweli, nilikuwa napiga msasa. Mikono ilijua kazi, nikaiachia. Kichwani mwangu kulikuwa na nati tu, zimekaza au hazijakaza.

Njiani watoto walitukimbilia wakipiga kelele, "Ndege! Ndege!" Barabara ilikuwa mashimo matupu na keria haikutikisika. Nilifurahi. Nasema wazi, niliifurahia kazi yangu, na kaka yangu yuko majini.

Mimi na mjomba hatukujua kupiga kasia. Sisi si watu wa mitumbwi. Basi tukafungwa kamba za katani viunoni, na wanaume ukingoni wakashika ncha, wakitulegezea kidogo kidogo kama wanaolisha ndama. Tulichokoa chini ya mizizi, tukachokoa kwenye matete. Tulipata mbuzi mfu na kikapu. Halafu mtumbwi wa mjomba ukapasukia kwenye jiwe, naye akavutwa nje kama gunia, akikohoa maji.

"Basi," baba mkubwa akasema. "Huu mto hautachukua mwingine."

Mama alikuwa amekuja kwa miguu. Alisimama kwenye tope, halii.

"Mlifika pale konani?"

"Tulifika, mama."

"Na chini ya ule mti ulioanguka?"

"Tumetafuta, mama. Hayupo."

Akaondoka. Tulidhani amerudi nyumbani kulia. Aliporudi alikuwa na panga mkononi na mgomba begani, ameukata mwenyewe, majani yote ameyaondoa. Baba mkubwa akanyoosha mikono kumpokea. Mama akamkwepa.

"Hatatolewa nyuma ya nyumba kama kuni," akasema. "Atatoka hapa, alipoingilia."

Akauosha kwa maji ya mto, taratibu, kuanzia juu kwenda chini. Akafungua leso yake ya pili, akaufunika. Wanaume wote walikuwa wamevua kofia. Nilitazama, na bado sikusikia kitu. Niliogopa kwamba sitasikia tena.

"Muwekeni juu ya gari," mama akasema.

Tukauinua, mimi na mjomba. Ulikuwa mzito, wa baridi, maji yakinitiririka ndani ya mkono wa shati mpaka kwapani. Tukaulaza katika bonde la mtumbwi. Nikapitisha kamba, nikaweka mguu kwenye nguzo, nikavuta kwa nguvu zangu zote, jinsi mzigo unavyofungwa. Mama alikuwa ameshapanda nyuma. Akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Legeza hiyo kamba, mwanangu. Unamwumiza."

Nikailegeza.