Mbishi na Amri Iliyotaka Kufutwa

Binti yangu wa kwanza tulimwita Mbishi kabla hajaota meno. Ukimlaza, anakaa. Marehemu baba yake alikuwa akicheka, mimi sikucheka. Mtoto mbishi humkondesha mama yake.

Alipokua akaajiriwa na mamlaka ya maji, kutunza programu ya kompyuta inayowasha na kuzima pampu za mji mzima. Programu yenyewe imemzidi umri. Alinieleza kwamba hata lugha za kompyuta zina kitabu cha kanuni. Kamati hukipitia upya kila baada ya miaka kadhaa, na kabla ya kukipitisha huweka rasimu wazi ili yeyote aseme lake. Safari hii rasimu ilitaka kufuta amri moja ya kale, na pampu zetu zinaitegemea amri hiyo. Ikifutwa, siku mashine ya sasa ikifa, mpya haitaielewa programu, na mabomba yatakauka.

"Si uiandike upya?" nikamuuliza.

"Niko peke yangu, mama. Hiyo ni kazi ya miaka."

Akatuma pingamizi. Wakamjibu kuwa wametafuta, na hakuna anayeitumia amri hiyo. Akaomba kusema kikaoni. Mkuu wake, ambaye ofisini wanamwita Bwana Taratibu, akafoka: habari za pampu zisitoke nje, akifungua mdomo, alete barua ya kuacha kazi.

Nilimsihi. Kazi haiokotwi njiani, naye ana mtoto wa kulea. "Nyamaza, mwanangu. Mwenye nguvu mpishe."

"Nikinyamaza, wataandika kwamba nimekubali."

Kikao kilikuwa cha mtandaoni, Jumamosi mchana. Akaketi kwenye meza yangu ya chakula. Nami nikakaa karibu na mlango, najifanya nachambua mchele.

"Dada," alisema mwenyekiti, "tumepekua programu zote zilizowekwa mtandaoni. Amri yako hatukuiona."

"Mmetafuta barabarani, sisi tuko ndani ya nyumba. Nani anaanika programu ya pampu hadharani kama nguo?"

Mtu akacheka. "Basi tuonyeshe."

"Ya kazini siionyeshi. Nimeandika kipande kidogo kinachofanya kazi ileile. Kiendesheni kwa kanuni zenu mpya."

Wakakiendesha. Kikagoma papo hapo. Sauti ya mzee mmoja ikasema, "Hata sisi kiwandani tunaitumia. Tulidhani tumebaki peke yetu." Akafuata mwingine, wa hospitali.

Hapo simu ya Mbishi ikalia. Nikaidaka mimi. Kumbe kikao kiko wazi kwa yeyote, na Bwana Taratibu alikuwa anasikiliza.

"Mama, mwambie binti yako Jumatatu asije bila barua."

Mchele ulikuwa umenimwagikia miguuni. Nikamwuliza, "Barua ya nini, baba? Maji utakayooga jioni anayasukuma nani? Kama unaye mwingine anayeijua hiyo programu, mlete."

Akakata simu.

Kamati iliirudisha amri kitabuni, ila wameiandikia kuwa itajadiliwa tena rasimu ijayo. Jumatatu Mbishi alikwenda kazini mikono mitupu. Bwana Taratibu alimpita ukumbini akiangalia dari, na barua hajaidai mpaka leo.

Bado usingizi wangu ni wa kuku. Lakini rasimu ijayo ikitoka, meza iko palepale, na safari hii sitashika mchele.